Mvula Bila Karta

Walinikamata juu ya neno moja. Sikuiba, sikupiga muntu, sikutukana chama. Nilisema "jiwe".

Ilikuwa Jumamosi, tumetoka kukata majani ya salongo, ile kazi ya bure ya serikali. Hapa Kindu mvula tunaijua. Inakuja, inapiga, inakwenda zake Kibombo kuharibu mupunga wa watu. Lakini siku ile wingu lilitoka mashariki, ngambo ya Lualaba, jeusi mugongo, kijani tumbo, kama muntu mwenye kula kitu kibaya. Kufika juu ya Kasuku, zone yetu mu Kindu, likaanza kutapika mawe.

Watu wakakimbia, kila muntu na kichwa chake. Miye nikajibanza chini ya ubao mukubwa wa chama, ule wa tole, bati, mbele ya biro ya zone, wenye sura ya Guide, mukubwa wa inchi na wa chama. Mu Kasuku yote ile ubao njo fasi moja tu ilikuwa haivuji. Mawe ilikuwa kama mayai ya kuku, ingine kama ngumi. Moja ikapita mu jicho la Guide, ikatokea nyuma, ikaanguka kati ya miguu yangu.

Nikaiokota. Nilipenda kuonyesha mama mudogo Sharifa, maana miye nikisema kitu mu nyumba yetu hakuna muntu anaamini.

Kisha jua likatoka, jua la Kindu unalijua. Muda wa kuvuta sigara moja, mawe yote pa chini ikawa maji, na maji ikawa moshi, likabaki langu tu. Njo pale komisere wa zone alitoka mu biro. Alikuwa muntu wa jimbo la Equateur, walimutuma kwetu tu, na Kiswahili chake kilikuwa cha amri: njoo, lipa, kamata. Abakosi yake, ile suti ya chama, ilikuwa na vumbi pa magoti. Kumbe aliposikia ta-ta-ta pa tole, alifikiri ni bunduki, akaingia chini ya meza. Sasa hawezi kusema alikuwa chini ya meza.

— Wewe, nini mu mukono?

— Jiwe, sitwayen komisere.

Akaangalia ubao. Akaniangalia miye. Guide naye alikuwa anatuangalia, jicho moja.

— Umesikia, akamwambia jandarme Matata. Yeye mwenyewe anakubali.

— Ni jiwe la mvula, nikasema. Ilikuwa mvula ya mawe.

— Mvula ya mawe, komisere akarudilia polepole. Watu wangapi waliyatupa?

Wakaniamuru niliweke pa meza ya biro. Mbele muntu aguse lile jiwe, sekretere wake, Barnabé, alikuwa amekwisha kimbia ku foni kupasha Kinshasa habari. Barnabé ni mutoto wa hapa hapa, aliona mvula na macho yake. Nilimuuliza nyuma, siku ingine, kwa nini alifanya vile. Akasema: "Komisere aliniambia pasha mvula ya mawe, miye nikapasha mvula ya mawe. Kifaransa njo kilifanya makosa." Kwa Kifaransa ilikuwa watu wa Kindu wamenyeshea Guide mawe mu uso.

Jibu likarudi mbio: LINDENI MUHALIFU PAMOJA NA JIWE. KOMISYO INAKUJA NA NDEKE.

Pale njo Matata alikwenda kuchukua jiwe pa meza.

— Chef, akasema, hii jiwe inakojoa.

Komisere akaligusa na kidole. Akaondoa kidole. Akaligusa tena.

— Kwa nini iko baridi?

— Ni barafu, nikasema. Ninasema tangu asubuhi.

Barnabé akakohoa.

— Tunaweza kupiga foni ingine, chef. Tuseme ni barafu.

— Kinshasa haisahihishwi, komisere akasema. Kinshasa ikisha kujua ni jiwe, ni jiwe.

Basi wakatafuta frigo. Mu Kasuku frigo yenye kufanya kazi ilikuwa moja, ya petroli, mu duka la Mama Katungu, mufanyabiashara wa Butembo mwenye kuuza pombe ya baridi na samaki. Mama Katungu haogopi muntu. Komisere alipoingia na jiwe mu sahani, akasimama mbele ya frigo, mikono pa kiuno.

— Frigo yangu imekuwa gereza?

— Ni amri ya Kinshasa, mama.

— Na huyu kijana?

— Foni inasema pamoja. Pamoja ni pamoja.

— Basi muingize naye mule ndani, akae na samaki.

Hawakuniingiza. Walinifunga muguu na cheni ya kinga, ya baiskeli, upande mumoja ku muguu wangu, upande mwingine ku muguu wa frigo. Matata akaweka kiti pa mulango na bunduki juu ya magoti. Watu wakaja kununua pombe, wakaruka muguu wangu, wakauliza, "Bulaimu, unafanya nini hapa?" Nikasema ninalinda barafu. Wakacheka. Miye sikucheka.

Maana hesabu ilikuwa rahisi, hata kwa miye niliacha masomo mapema. Komisyo ikikuta barafu, miye ni muntu aliokota barafu, ninakwenda kulala kwetu. Barafu ikiisha, inabaki tundu mu jicho la Guide, na miye. Kuko watu walipanda ndeke ya Kinshasa juu ya kitu kidogo kuliko kile. Mpaka leo wake zao wanauliza abiria habari yao.

Mama mudogo Sharifa alikuwa ananiletea sombe na wali. Anafika, anafungua mulango wa frigo, anachungulia jiwe, anafunga, kisha njo ananisalimia.

— Leo limelala vizuri?

— Limelala. Na miye je?

— Wewe hauyeyuki.

Ndeke haikuja. Esansi, mafuta ya ndeke, ilikosekana, wakasema, kisha rubani alikosekana. Kila asubuhi komisere alikuja kufungua frigo kuhakikisha. Anaacha mulango wazi, anaangalia kama baba anaangalia mutoto mugonjwa. Baridi yote inatoka inje.

— Fungua fungua ile itaiua, Mama Katungu anamwambia.

— Miye njo nalinda.

— Unalinda kama paka analinda samaki.

Petroli nayo ikaisha mu muji. Komisere akaleta ile ya taa zake za nyumbani, bibi yake akabaki giza, na usiku Kasuku yote ilikuwa inasikia vile anamutukana mu Lingala. Ile petroli nayo ikaisha. Moto wa frigo ukazimika. Jiwe langu, lilikuwa ngumi, likawa yai, likawa ngazi, tunda la mawese, likaanza kunuka samaki.

Siku ile ile komisere akaingia na kitu mu mufuko wa karatasi. Akalitoa. Jiwe. Jiwe la kweli, jeusi, la pa ukingo wa Lualaba, na tope bado juu yake.

— Hii njo nini? nikauliza.

— Jiwe ni jiwe.

— Lakini lile lilikuwa la maji.

— Na hili lilikuwa ndani ya maji.

Akaliweka mu frigo, akafunga polepole. Nikaanza kuvuta cheni. Frigo ikasogea kidogo, Matata akainua bunduki kidogo, sote wawili tukaacha. Sasa sikuwa tena muntu wa barafu. Nilikuwa na jiwe zima la kunifunga nalo. Na nyuma ya saa sita tukasikia ndeke.

Komisyo ilikuwa watu wawili. Wa kwanza, Sitwayen Kalume, alikuwa muntu wa meteo, mwembamba, na sanduku mu kwapa na metre ya fundi nguo shingoni. Kazi yake kutafuta hali ya hewa yenye kukosa adabu. Wa pili alivaa lineti, miwani nyeusi ya jua, na hakusema jina.

Kalume akaanza pa barabara. Aliuliza kila muntu aliona nini. Watu wakaangalia lineti, kisha wakajibu. Muzee mumoja akasema ile siku alikuwa kipofu. Mama mumoja mwenye kuuza mihogo akasema, "Mvula? Sisi hapa tunanyeshewaka na mvula ya chama tu." Hata kuku wa pale wangesema hawakutoka inje.

Akaingia mu duka, na uso kama muntu wa kurudi matanga. Komisere akafungua frigo, akatoa jiwe la Lualaba na mikono miwili.

— Njo hili.

Kalume akaligeuza, akaliweka pa meza.

— Hili ni jiwe.

— Njo nilisema.

— Na lilitoka mu mukono wa huyu? lineti akauliza.

Nilikuwa na jasho mpaka mu masikio. Nikasema, hapana. Lile langu lilikuwa na maganda kama kitunguu, ganda nyeupe, ganda kama kioo, tena nyeupe, tena kioo.

Kalume akageuka. Akavuta kasha la pombe, akaketi mbele yangu, magoti yake yakagusa cheni.

— Maganda mangapi?

— Ine. Na katikati kulikuwa kitu kidogo kama jicho la samaki.

— Na wingu, rangi gani?

— Kijani pa tumbo.

Akavua miwani yake, akaifuta. Akaniambia ardhi inaanza kupata homa. Joto linasukuma wingu juu sana, fasi ya baridi kali. Tone la maji linapanda, linaganda, linashuka, upepo unalirudisha, na kila safari linavaa shati ingine, mpaka linakuwa zito, linaanguka. Alisema anazunguka Zaire nzima kutafuta ile mvula mupya, upepo mupya, jua lenye kuzidi, na kila fasi watu wanamwambia iko sawa, asante kwa Guide. Miye nilimuelewa nusu tu. Lakini ndani ya ile siku zote, yeye njo muntu wa kwanza aliniuliza kitu ambacho jibu lake si miye.

Akasimama.

— Ilikuwa mvula ya barafu, akasema. Kijana hana kosa.

Lineti hakutikisika.

— Mvula ilipiga Guide mu jicho?

— Ndiyo.

— Mvula ya wapi?

— Namna gani, ya wapi?

— Kila kitu kinazaliwa mu Zaire kinazaliwa mu chama. Muzima, mufu, hata mimba. Mwanachama hapigi Guide. Ninauliza, lile wingu lilizaliwa wapi?

Nikaona Kalume anafungua kinywa kusema mambo ya masomo yake, kisha macho yake ikashuka pa cheni yangu. Akafunga kinywa. Akafikiri.

— Lilitoka mashariki, akasema.

— Mashariki mpaka wapi?

— Mpaka ngambo ya ziwa.

— Inje ya inchi.

— Mawingu hayana... Ndiyo. Inje ya inchi.

— Bila karta ya chama.

— Sikuiona.

— Basi ni mersenere, lineti akasema.

Kindu yote inajua neno mersenere, wazee wetu walikimbilia pori juu ya hao askari wazungu wa kulipwa.

— Na huyu?

— Huyu, Kalume akasema mbio mbio, alikamata mumoja. Na mukono mutupu.

Lineti akaniangalia, wa kwanza kuniangalia vizuri. Kisha akageukia komisere.

— Ulipewa mufungwa kutoka inje. Iko wapi?

Komisere akaangalia ndani ya frigo. Mu sahani kulikuwa maji kidogo na gamba la samaki.

— Ametoka, chef.

— Alipitia wapi?

— Chini ya mulango, Mama Katungu akajibu. Nusu yake nilimupangusa na kitambaa asubuhi.

Matata akanifungua cheni. Akasimama nayo, hajui kuiweka wapi. Lineti akaonyesha na kidevu. Matata akainama, akafunga muguu wa komisere, polepole, akimwomba rusa.

Walipanda ndeke naye. Jiwe lake lilibaki, Mama Katungu anazuilia nalo mulango. Pa uwanja wa ndeke Kalume aliniachia metre yake ya nguo. "Mvula zile zikirudi," akasema chini chini, "upime mbele hawajaanza kuziuliza majina."

Nilifikiri imeisha. Kesho yake Barnabé akaniletea filimbi na kitunga. Kumbe nimekuwa mulinzi wa mbingu ya Kasuku, bila mushahara, maana muntu aliyekamata mersenere mumoja anaweza kukamata mwingine. Ngurumo ikilia, Matata anakuja kwetu kupiga mulango: "Bulaimu, wageni." Ninakwenda kusimama chini ya ubao mupya, ninanyeshewa. Yeye anakaa chini ya baraza.

— Iko na karta? anauliza.

— Ni ya kwetu, ninajibu. Ipite.

Juzi wingu lilikuja tena na tumbo la kijani. Mawe yalianguka machache, madogo kama maharagi. Moja ikaingia mu kitunga. Matata akainuka.

— Iko nini?

Nikaitia mu kinywa, nikafunga. Nikatikisa kichwa, hakuna kitu. Metre ilibaki mufukoni, lakini maganda nilihesabu na ulimi. Ilikuwa mawili.