Mwimbaji Amekaa Dirishani

1.

Kwenye goti.

Kuna watu, msomaji, wanaotaka kusikiliza muziki kwa goti. Wanamletea Fundi Elinihaki Mbwambo gari, wanafungua mlango, wanaonyesha kwa kidole kule chini karibu na mfuko wa kuwekea chupa ya maji, na wanasema: weka hapa. Wanazungumzia twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, zinazobeba kayamba na pumzi ya mwimbaji anapojiandaa kuimba. Kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya sikio, wao wanataka kikae na viatu.

Elinihaki husonya. Halafu huweka anapotaka yeye.


2.

TAARIFA KWA WATEJA WOTE

Kuanzia sasa mteja haruhusiwi:

a) kuchagua mahali pa kuweka twita;
b) kuja na shemeji yake anayejua muziki;
c) kukaa ndani ya gari wakati fundi anasikiliza;
d) kuleta twita zenye taa za buluu. Hapa si ukumbi wa harusi.

Anayeona ameonewa, uwanja huu una mafundi wengine. Wengi tu. Wanafanya mpaka pikipiki.

E. Mbwambo
Fundi Mkuu

(Hakuna fundi mdogo. Yupo yeye na mkewe Nakunda, ambaye kazi yake ni kupokea funguo za wateja na kuwaomba radhi.)


3.

MAHALI AMBAPO WATU WAZIMA, WENYE AKILI ZAO, WAMEOMBA TWITA ZIWEKWE

Juu ya dashibodi, kando ya maua ya plastiki.

Juu ya dashibodi, nyuma ya boksi la tishu. Nyuma yake! Sauti ipenye kwanza kwenye tishu.

Kwenye dari, kwa sababu kanisani kwao zipo kwenye dari.

Kioo cha nyuma, zikitazama nje, ili walio barabarani wajue kwamba ndani kuna twita.

Popote, Fundi, mradi zing'ae.


4.

Yeye hufanya hivi. Hukaa kiti cha dereva, hufunga vioo vyote, huweka wimbo wa kwaya, uleule miaka yote, ambamo mwanamke mmoja anaanza peke yake huku kayamba likimfuata nyuma. Twita huwa amezishikiza kwa plastisini ya watoto wa chekechea. Anazihamisha. Mara kwenye kile kipembe cha mlango ilipo saitimira, mara juu kwenye nguzo ya kioo cha mbele, mara anaigeuza moja imtazame pua na nyingine imtazame bega. Macho ameyafumba. Anamtafuta mwimbaji.

Zikikaa sawasawa, yule mwanamke haimbi tena ndani ya spika. Anasimama katikati ya kioo cha mbele, usawa wa macho ya dereva, utadhani amepanda juu ya boneti. Elinihaki huliita jambo hilo "kumsimamisha". Akishasimama ndipo fundi huchukua drili, maana tundu likishatobolewa kwenye nguzo halizibiki, na gari ni la watu.

Usiniambie kwamba wewe husikilizi hivyo. Najua husikilizi hivyo. Wewe unasikiliza sabufa ikitikisa namba ya gari na unadhani umesikia muziki.


5.

Banda la supu, upande wa pili wa uwanja. Wanaosema hawajulikani, na si lazima wajulikane.

— Umelitoa kwa Mbwambo?

— Nimelitoa.

— Mwimbaji amesimama?

— Amekaa. Dirishani kwangu, mkono wa kulia. Na kiwiko katoa nje.

— Hata wangu. Yaani ukishusha kioo unaogopa ataanguka.

— Basi mfunge mkanda.

Kicheko. Mtu anaomba limau.


6.

Niseme mimi Nakunda, maana yeye hatasema.

Mume wangu sikio la kulia linamwishia. Sauti nene anazipata, honi anaisikia, ukimtukana anasikia vizuri kabisa. Zinazomtoka ni zile nyembamba. Mlio wa ndege hausikii tena upande ule. Birika likipiga mluzi anatazama dirisha la kushoto. Ujanani aliendesha gari la matangazo, pembe la spika limefungwa juu ya dirisha lake mwenyewe, kutwa nzima likitangaza sabuni na mikutano ya injili. Nadhani ndilo lililomla.

Nikalipima jambo hili moyoni na kulielewa. Kama sikio la kulia halipati kayamba, yeye anaona twita ya kulia imenyamaza. Anaisogeza karibu, anaielekeza moja kwa moja kwenye shavu, anaipandisha sauti, mpaka kwake mizani inakaa sawa. Kisha anatoboa. Mwenye gari, mwenye masikio yote mawili, anaondoka na mwanamke wa kwaya anayepiga kelele begani kwake.

Nilimwambia mara moja twende hospitali akapimwe. Akaniuliza kama ni mimi niliyemfundisha kusikia. Nikaenda kupokea funguo. Bila sikio hana kazi, na bila kazi hii sijui atakuwa nani, kwa sababu upole hana.


7.

UMOJA WA MAFUNDI WA UWANJA

YAH: KULALIA UPANDE MMOJA KWA MUZIKI KATIKA MAGARI YA WATEJA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Uongozi umepokea malalamiko kutoka kwa wateja mbalimbali kwamba magari yatokayo katika banda lako yanapiga kelele upande wa dereva na kumsababishia maumivu ya sikio. Baada ya kujadili kwa kina, uongozi unakuagiza kwamba kabla ya kutoboa gari lolote, kazi yako isikilizwe na mtu wa pili.

Ukishindwa kutekeleza agizo hili, utaondolewa katika kazi za muziki na kubakizwa katika honi na waipa.

Tunakutakia utekelezaji mwema.


Elinihaki alisoma mpaka hapo.

Waipa.

Aliyetia sahihi ni mwenyekiti, mtu wa kubandika tinti, na hata tinti zenyewe zina mapovu kama uji unaochemka. Mtu ambaye jicho lake halioni povu anataka kukagua sikio la mwenzake. Elinihaki aliikunja barua, akaitia chini ya mguu wa meza iliyokuwa inayumba, na meza ikatulia. Alimwambia Nakunda kwamba uongozi umefanya jambo la maana kwa mara ya kwanza.


8.

Mwalimu Ndeshukurwa, anayefundisha kwaya ya usharika, alirudisha gari lake asubuhi. Alisema kwa adabu kwamba anaendesha akiwa ameziba sikio la kulia kwa kidole, na kwamba ameshindwa kubadili gia na kuziba sikio kwa wakati mmoja. Elinihaki alimjibu kwamba sikio lililozoea ubovu huchelewa kuzoea kazi nzuri. Mwalimu akaomba akae naye garini anaposikiliza. Elinihaki akamwonyesha ukuta, kifungu c.

Mwalimu alikisoma kifungu hicho taratibu, akaweka funguo mezani kwa Nakunda.

"Nitarudi jioni," alisema. "Kwaya yangu ina watu wanaoimba upande wanaojisikia. Sihitaji mwingine garini."

Elinihaki alibenua midomo. Mwalimu wa kwaya! Watu wanaofunga macho wakiimba ili wasione sura za wanaowasikiliza.


Gari la Mwalimu, likingoja kwenye jua:

Nguzo yangu ya kulia imeshatobolewa na mtu aliyekuwa amefumba macho. Leo anataka kunitoboa tena. Nimebeba wagonjwa, nimebeba ndizi, nimebeba maharusi wawili ambao sasa hawasalimiani, na sijawahi kudharauliwa kiasi hiki.


9.

Mchana. Nakunda ameenda kununua mboga. Elinihaki yumo ndani ya gari, vioo juu, plastisini mkononi. Anahamisha, anageuza, anapandisha sauti. Mwanamke wa kwaya anaanza. Anateleza kutoka kushoto, anakuja, anakuja, anafika katikati ya kioo.

Anasimama.

Amesimama kama nguzo ya umeme. Elinihaki anatabasamu tabasamu lake la kuwasikitikia watu. Anataka kuweka alama mahali pa tundu, anapapasa, bisibisi haipo. Ipo kiti cha nyuma. Anapiga magoti juu ya kiti cha dereva, anageuka kutazama nyuma, anaunyoosha mkono, na sikio lake la kushoto, lile zima, linaelekea dirishani.


Kayamba.


9, tena.

Kayamba lilimwingia sikioni kama mchanga uliorushwa kwa nguvu. Alishtuka akagonga kichwa kwenye dari. Alidhani redio imeungua. Akageuka mbele: mwanamke amesimama katikati, mtulivu. Akageuka nyuma: mwanamke yuko dirishani, anapiga kelele, ana kayamba zima mkononi na analitikisa.

Mbele.

Nyuma.

Mbele.

Nyuma, safari hii akiwa ameziba sikio la kushoto kwa kiganja. Kayamba likatoweka. Halikupungua. Lilitoweka, akabaki na besi peke yake.

Elinihaki alitafuta mtu wa kumdharau. Garini hakukuwa na mtu.


10.

Yule wa goti alikuwa

Mwenyekiti, pamoja na mapovu yake yote, alikuwa

Na wale wa banda la supu, Mungu wangu, hata wale wa banda la supu wali


11.

Orodha ya magari aliyoyatoboa ambayo Elinihaki angeweza kuyakumbuka:









12.

Nakunda alirudi na fungu la mnavu, akamkuta mumewe amekaa kwenye tairi chakavu, mikono imeshika kichwa. Alidhani anaumwa. Elinihaki alinyanyuka, akamfungulia mlango wa dereva, akamwambia akae. Nakunda alitazama ukutani, kwenye kifungu c, akamtazama mumewe, akaweka mnavu juu ya boneti na kuingia.

Elinihaki aliingia upande wa abiria. Alimwambia afumbe macho, na kwamba kuna mwanamke ataimba, na akimwona amesimama katikati ya kioo aseme "hapo". Kisha akanyoosha mkono juu ya usukani, akaing'oa twita ya kulia na kuishika kwa vidole.

Huyu ndiye mtu wa pili. Mwanamke ambaye kanisani huimba nusu ya beti na nusu iliyobaki huwaachia wenye sauti, ambaye hajui tofauti ya sabufa na boksi lake. Masikio yote ya mjini, na yake ndiyo yaliyokuwepo. Elinihaki aliona aibu, na chini ya aibu palikuwa na woga, na woga ndio uliokuwa mkubwa.

Wimbo ulianza. Aliisogeza twita juu. Nakunda kimya. Akaishusha kwenye kipembe cha mlango. Kimya. Akaigeuza isimtazame kabisa, ielekee kioo. Nakunda alikunja uso kidogo, akaukunjua. Wimbo uliisha ukaanza upya. Elinihaki alipunguza sauti ya upande ule, akapunguza tena, mpaka kwake yeye twita ile ikawa kipande cha plastiki mkononi.

"Hapo," Nakunda alisema.

Mkono wa Elinihaki ulikuwa mahali ambapo yeye asingeuweka hata kwa mzaha. Hakusikia kilichobadilika. Alisubiri asikie, akasubiri zaidi. Ndipo alipoelewa kwamba mkewe angeweza kusema "hapo" mahali popote. Angeweza kusema "hapo" kwa sababu mnavu unanyauka, au kwa sababu amechoka, au kwa sababu anampenda, na yeye asingejua mpaka anaingia kaburini.

Alimgeuzia uso mzima, ili sikio la kushoto limpate.

"Una uhakika, Mama Tumsifu? Au unanihurumia?"

Nakunda alifumbua macho.

"Vyote viwili, Baba Tumsifu."

Nje jioni ilikuwa imeingia, na Mwalimu Ndeshukurwa alikuwa anavuka uwanja, mkoba begani. Elinihaki alibaki ameishika twita palepale, na mkono mwingine ukachukua drili iliyokuwa miguuni. Aliegemeza ncha yake kwenye kipembe cha mlango, kando ya twita. Hakuiwasha. Wimbo ulianza tena kutoka mwanzo, na mwanamke mmoja akaimba peke yake, mahali fulani.