Ndiyo ya Maumivu

Mama Pulchérie alikuwa na mdomo. Mji mzima wa Baraka ulijua, kuanzia ufukweni alikonunua ndagala wabichi hadi sokoni alikouza wakavu. Mteja aliyebonyezabonyeza samaki wake bila kununua aliondoka na jina jipya, na jina hilo lilimfuata hadi kanisani. Kwa hiyo kansa ilipotoka kwenye titi ikahamia kwenye mifupa ya mgongo, watu walivumilia kumwona anakonda. Walichoshindwa kuvumilia ni kumsikia amenyamaza.

Alinyamaza kwa sababu maumivu yalimjaa hadi kooni. Alilala ubavu mmoja, ameuma pembe ya kitenge, na chochote ulichomwuliza alijibu ndiyo ili umwondokee. Tukupe uji? Ndiyo. Tufunge dirisha? Ndiyo. Tulifungue? Ndiyo. Katika siku hizo ndipo Alphonse, mdogo wa marehemu mume wake, alipopanda mtumbwi wa mota kutoka Kazimia, akaketi kando ya kitanda na kumwuliza kwa sauti ya asali: "Shemeki, ukienda kwa Mungu, Divine atakuja kukaa kwangu, si ndiyo?"

Pulchérie akajibu ndiyo. Alphonse akawageukia wazee wawili aliokuja nao. "Mumesikia?" Wakasema wamesikia.

Divine alikuwa binti yake wa pekee, yuko sekondari. Kule Kazimia Alphonse alikuwa na vichanja vya kukaushia samaki, na kichanja hakimwulizi mtu umri wala darasa. Zamani kidogo alimchukua mtoto mwingine wa ukoo, Rosette, eti akasome karibu na baba yake mdogo. Tangu siku hiyo Rosette hajaona ubao wa shule, ameona magamba tu. Pulchérie alilijua hilo vizuri. Alipokuwa mzima aliapa kwamba kabla ya Divine kwenda Kazimia, ziwa litakauka kwanza.

Kisha ikaja mofini, dawa ya kutuliza maumivu makali. Aliyeileta ni Wilfried, muuguzi wa kituo cha afya: chupa ndogo ya dawa ya maji, na seringi ya kupimia, isiyo na sindano. Akamketisha Florentine, dada yake Pulchérie aliyekuwa akimwuguza, akamwelekeza bila haraka. Dawa inywewe kila baada ya saa nne, maumivu yawepo yasiwepo, maana ukiyangoja yafike umeshachelewa. Wasiongeze wenyewe hata tone. Kipimo kikishindwa, wamwite. Asionjeshwe mtu mwingine, hata jino limwume namna gani. Chupa ifungiwe mbali na watoto. Pombe na dawa hii zisikutane kamwe. Tumbo litafunga, kwa hiyo kuna dawa ya kulainisha choo, na papai, na maji ya kutosha. Mwanzoni atasinzia, na usingizi huo utapita. Lakini wakimwita haamki, au anapumua polepole kupita kiasi, wasimpe tena, wamkimbilie yeye.

"Itamuua?" Florentine aliuliza. Hakuwa mtu wa kuzunguka.

"Ugonjwa njo utamuua, mama," Wilfried alisema. "Hii dawa itamuacha aishi kabla ya kufa."

Pulchérie akasinzia kweli, kama walivyoambiwa. Halafu asubuhi moja akafumbua macho, akaonja uji, akauliza: "Nani alipika hii? Bwana yake alishamufukuza ao bado?" Uji ulikuwa wa Florentine mwenyewe, na Florentine alilia kwa furaha hadi akashindwa kushika kijiko.

Furaha haikudumu. Pulchérie aliona nguo za Divine zimekunjwa ndani ya mfuko, akauliza safari ni ya wapi. Wakamweleza aliyoyakubali. Hakukumbuka hata neno moja. Alikaa akiutazama ule mfuko, kisha akamwambia Divine azirudishe nguo kwenye sanduku, moja moja, yeye akiona. Siku hiyohiyo akatuma ujumbe kwa Baba Norbert, mkubwa wa ukoo wa mumewe: anaomba kikao, anaondoa neno lake.

Baba Norbert alikubali, na Alphonse akaitwa. Usimdharau Alphonse. Hakuja na kelele, hakusema mtoto ni wangu. Alisema jambo ambalo wazee wote walilitikisia kichwa. "Neno la kwanza, alisema kabla hajaanza kunywa. Hili la pili, si yeye anasema, ni chupa. Aache ile dawa toka asubuhi, akuje na akili yake, tutamusikia." Ukiusikia mtego huo haraka haraka, utadhani ni haki. Akiwa na dawa, maneno yake si maneno. Asipokuwa nayo, hana maneno.

Asubuhi ya kikao saa ya dawa ilifika na chupa haikuonekana. Florentine alikuwa amesimama mlangoni, mikono ndani ya kitenge.

"Leo tu, yaya," alimwambia dada yake mkubwa. "Jikaze mpaka kikao kiishe. Basipate sababu ya kutupa neno lako."

"Nikijikaza, nitasema nini kule?"

Florentine aliivuta mikono ndani zaidi ya kitenge.

"Mi najua kile nitasema. Nitasema ndiyo. Bataniuliza kama mi ni kuku, nitasema ndiyo. We unataka mutoto wangu aende kupara magamba juu ya vile mi nilijikaza?" Sauti ilimpanda. "Leta dawa yangu, Florentine! Bwana alikufa, titi ilikatwa, mugongo umeoza. Akili njo kitu kimoja kimebaki, na we unaificha mu kitenge."

Chupa ikatoka. Florentine alipima, akapima upya ili kipimo kiwe sawasawa, na Pulchérie akameza. Kisha wanawake wa soko la samaki wakamwinua akiwa kwenye kiti chake na kumpeleka kwa Baba Norbert, wakipokezana, yeye akiwakaripia kila walipoingia shimoni.

Kikao kilikuwa uani. Wazee walikuwa wameketi, na katikati palikuwa na ndoo ya kasiksi, pombe ya ndizi, maana katika ukoo ule neno halishiki mpaka linywewe. Mkimaliza kusemezana, kikombe kinazunguka. Aliyekunywa amelimeza neno, na hawezi kulitapika kesho. Hiyo ndiyo desturi. Desturi nyingine, ambayo hakuna aliyeitunga ila wote waliifuata, ni kwamba wanaume walianza kuonja kabla hata salamu hazijaisha.

Alphonse alisimama, kikombe mkononi. "Shemeki, leo ulikunywa ile dawa?"

"Nilikunywa. Na saa ikifika nitakunywa tena, hapa hapa, mukiniangalia."

Minong'ono ikapita. Alphonse akafungua mikono kama padri. "Baba mukubwa, mi sina tena kitu ya kusema. Amejihukumu mwenyewe."

"We Alphonse," Pulchérie alisema, "mu kile kikombe yako iko nini?"

Watu walianza kucheka kabla hajajibu.

"Kasiksi," alisema Alphonse.

"Aa. Mi nilizani ni maji ya baraka." Aligeuka polepole kuwatazama wazee, mmoja baada ya mwingine. "Siku mulikata mupaka ya shamba ya kule Mboko, mulikunywa mpaka mwenzenu mumoja akasalimia mbuzi. Ile mupaka iko mpaka leo. Hakuna muntu alisema ni ndoo ilikata. Yangu mi napimiwa na muganga, kwa saa yake, tone kwa tone. Yenu nani anapima?"

Kicheko kilikuwa kikubwa, lakini Baba Norbert hakucheka. Alikuwa mzee wa kupima mambo kwa muda mrefu, na wakati mwingine muda huo uliwachosha watu. "Muke wetu," alisema, "pombe ni mambo ingine. Ulisema ndiyo. Bantu babili walisikia. Ile siku haukukunywa kitu. Tufanye je na ile ndiyo?"

Hapo Pulchérie aliogopa kidogo, maana swali lilikuwa la kweli. Chini ya hofu akaisikia hasira, imetulia, inamngoja.

"Baba mukubwa, ninyi bote munatembeaka barabara ya Fizi. Munapandaka mulima mpaka Bibokoboko kununua ng'ombe. Ukikutana na muntu ya bunduki, akikushikia njia, akisema, hii mbuzi ni yangu, si ndiyo? Unajibu je?"

Hapakuwa na mtu pale ambaye hajawahi kuulizwa swali la namna hiyo. Mzee mmoja kati ya wale wawili mashahidi, aliyepoteza mbuzi zaidi ya mara moja, alitazama miguu yake.

"Unajibu ndiyo," alisema.

"Na mbuzi inakuwa yake?"

"Hapana," mzee alisema. "Hata siku moja."

"Basi. Ile siku maumivu ilinishikia bunduki. Alphonse aliniona, alijua, na njo ile saa alichagua kuniuliza. Saa hii bunduki haiko. Saa hii njo muniulize."

Alphonse aliruka akasema mtoto ni wa ukoo wa baba, hilo halina mjadala. Baba Norbert akamwambia akae. Ni kweli mtoto ni wa ukoo, lakini ukoo haukai Kazimia peke yake. Kisha akamgeukia Pulchérie. "Sema neno lako. Polepole, tulisikie bote."

"Divine anabaki Baraka, kwa Florentine. Anasoma mpaka anamaliza. Hakuna muntu anamupandisha mu mutumbwi mpaka ile siku. Akitaka kuolewa, mukuje mukule mahari yenu, sitabakataza. Mi sina roho mubaya hivyo."

Baba Norbert akaichota kasiksi. Kikombe kikazunguka, wazee wakanywa, na yule shahidi akanywa kwa nguvu kuliko wote. Kikamfikia Pulchérie. Alikishika, akakinusa, akakirudisha.

"Mi siwezi. Pombe na dawa yangu hazikutani. Muganga alikataza."

"Hajakunywa!" Alphonse alikuwa amesimama tena, na safari hii sauti yake haikuwa na asali. "Mwenye neno hajakunywa neno yake! Baba mukubwa, desturi ni desturi!"

Na ilikuwa kweli, jambo ambalo lilimwudhi kila mtu. Florentine, aliyesimama nyuma ya kiti, alimshika dada yake bega. Alimnong'oneza anywe, mara moja tu, kidogo tu, hakuna atakayekufa kwa funda moja. Pulchérie alikitazama kile kikombe. Angeweza. Funda moja na mtoto amepona. Lakini alijua pia kwamba usingizi ukimbeba baada ya hapo, Alphonse atapanda mtumbwi akisema, si niliwaambia? Yule mwanamke alikuwa mlevi tu. Na hakutaka kusinzia leo. Leo alitaka kuwa macho kila dakika.

"Saa ya dawa ilifika, Florentine?"

"Ilifika. Imepita hata kidogo."

"Pima."

Florentine akapima mbele ya wazee, wote wakinyoosha shingo. Pulchérie akaipokea seringi, akaiinua kama wao walivyoinua kikombe.

"Desturi inasema kunywa. Haikusema kunywa nini. Baba mukubwa, ulipopata ugonjwa ya sukari, mwaka muzima ulikaa mu hivi vikao na kikombe ya chai. Neno zako zilishika ao zilianguka?"

Baba Norbert aliitazama seringi muda wake wa kawaida, yaani mrefu. Mtu mmoja alianza kukohoa, akakatazwa.

"Zilishika," alisema mzee. "Kunywa, muke wetu."

Akaminya dawa mdomoni, akameza, akakunja uso kwa uchungu wake, akawaonyesha ulimi kama mtoto aliyemaliza mboga. Wanawake waliokuwa ukutani walipiga vigelegele, na hakuna mwanaume aliyewanyamazisha. Kikombe kikamfikia Alphonse mwisho. Alikisukuma.

"Mi sinywi hii neno."

"Mumuache," Pulchérie alisema. "Alishasema kinywaji inaharibu akili. Leo mu kikao yote, mwenye akili ni yeye peke yake. Mumutengenezee kiti yake, pale mbali."

Hata Baba Norbert alicheka. Akasema aliyekataa kunywa amejitoa, hakumtoa mtu, na neno limeshika. Alphonse aliondoka bila kuaga, akaelekea ufukweni.

Jioni Pulchérie alikuwa amelazwa kwenye ubavu wake, amechoka mno, na sauti imebaki kidogo. Kwamba atakufa alikuwa anajua. Hakuna chupa iliyomwahidi vinginevyo. Divine alimletea papai lililokatwa vipande, akaketi ukingoni mwa kitanda. Alikuwa amesimama ukutani na wanawake muda wote, akiyasikia yote, na kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakukielewa. Mama yake wa siku zile za kitenge mdomoni angewezaje kusema vile?

"Mama, kule kwa kikao, ulikuwa unaumia sana?"

"Hata kidogo," Pulchérie alisema, akichukua kipande cha papai. "Njo maana nilipata nafasi ya kukasirika."