Mapazia ya Mnara

Tangazo la ziara lilikuwa limebandikwa mlangoni mwa duka la vitambaa: siku tatu kaskazini, fukwe, mapango, magofu ya mji wa kale, na mnara wa taa. Fundi cherehani alilisoma lote, kisha akarudia maneno matatu ya mwisho. Baba yake alikuwa na miezi minne kaburini. Miaka kumi na tisa mzee yule alitunza taa ya mnara huo, na tangu alipofukuzwa hakukanyaga tena kaskazini wala hakutaka itajwe mbele yake.

"Tunakwenda," fundi alimwambia shangazi yake, dada wa marehemu.

"Kuogelea?"

"Kukiona kile kibao."

Habari za kibao kilichomsema vibaya baba yake pale mnarani waliletewa na jirani aliyewahi kutembea huko. Fundi aliandika barua tatu kwa wakuu wa makumbusho kuomba kiondolewe. Hakujibiwa hata moja. Safari hii hakuandika. Alitia kwenye mkoba miwani, chupa ya maji, na bisibisi ndogo ya kufungulia cherehani yake, akafunga duka lake.

Siku ya kwanza ilikwisha kwenye magofu, watu wakipiga picha kuta zisizo na paa. Shangazi alivua viatu akalalamika kwamba mji wa kale ulijengwa na watu wasio na magoti. Fundi hakucheka. Ilikuwa kawaida yake tangu msibani. Aliongea kwa kijiko, neno moja moja.

Asubuhi ya pili, saa tatu, basi dogo la wageni liliwashusha chini ya mnara, juu ya miamba, bahari ikipiga chini yao. Nyumba ya zamani ya mtunza taa ndiyo iliyofanywa makumbusho. Fundi alizaliwa katika nyumba hiyo. Aliingia mlangoni kama mgeni, na mkono wake, bila kuutuma, ukatafuta ukutani msumari ambao baba alikuwa akitundika kofia. Ulikuwapo.

Mtembeza wageni alikuwa mtu wa makamo mwenye sauti ya mahubiri, wenzake wakimwita Profesa. Aliwakusanya mbele ya kioo kikubwa cha taa, duara ndani ya duara, kimesimamishwa wima kando ya dirisha.

"Zamani kilikuwa gizani kule kwenye kona," alisema. "Mwezi uliopita tumekileta hapa dirishani, wageni wapate picha nzuri. Sasa, ndugu zangu, njooni msikie habari ya mtu aliyelala."

Akawaonyesha kibao cha bati ukutani. Kilisema kwamba usiku mmoja meli iligonga mwamba na watu kumi na mmoja wakazama. Kilisema mtunza taa alilala. Na mstari wa mwisho: *Wakaguzi walipofika saa tatu asubuhi walikuta mapazia ya taa yamefungwa, ushahidi kwamba taa haikuwashwa.*

Wageni wakatikisa vichwa. Mmoja akasema, "Pombe hiyo." Wengine wakacheka.

Fundi alimkumbuka baba yake sebuleni, miaka yote ile baada ya kufukuzwa. Jua likichomoza, majirani wakifungua madirisha, yeye alizunguka akifunga mapazia, moja baada ya jingine, na mama akinung'unika kwamba ameolewa na popo.

"Profesa," aliita. "Mapazia ya taa ni ya nini?"

"Ya kufunika kioo, mama. Vumbi."

"Si vumbi. Ni jua. Kioo hiki kikipigwa na jua kinachoma. Mtunza taa hufungua mapazia jioni akiwasha, na huyafunga jua likichomoza akizima. Kila siku ya Mungu. Saa tatu asubuhi yalitakiwa yawe yamefungwa. Wangeyakuta wazi, hapo ndipo wangemshika baba."

"Baba?" Profesa aliuliza.

"Ndiyo, huyo mliyemlaza hapo ukutani."

Profesa alikohoa. "Pole, mama. Lakini labda hayakufunguliwa kabisa usiku ule."

"Labda. Basi andikeni labda. Nyinyi mmeandika ushahidi."

"Unajua, haya mambo yana utaratibu. Unaandika barua..."

"Kaandika tatu!" shangazi alidakia. "Mnazifungia maandazi?"

Profesa alifungua mdomo kumjibu, lakini mgeni mmoja alipiga chafya na kuuliza kinachoungua ni nini. Wote waligeuka. Jua lilikuwa limepanda mpaka dirishani. Lilipita katika kioo na kutua mezani, nukta moja nyeupe isiyotazamika, juu ya kitabu cha wageni. Ukurasa ulikuwa umeshatoboka, na uzi wa moshi ulipanda taratibu. Kando yake ubao wa meza ulikuwa na michirizi myeusi ya siku nyingine.

"Kumbe!" Profesa alisema. "Na mimi nimegombana na mfagiaji wiki nzima kwamba anazima sigara mezani!"

Alikurupuka kupuliza. Moto ukapata nguvu.

"Usipulize, baba wewe! Funika kioo!" Fundi alivua mtandio mabegani, akautupia kioo na kuukaza kwa fundo moja, kama alivyomwona baba akifanya maelfu ya asubuhi. Nukta ikafa. Shangazi akauzima moto wa kitabu kwa kiatu chake.

Fundi hakungoja shukrani. Alitoa bisibisi, akasimama mbele ya kibao, akaanza skurubu ya kwanza.

"Mama, hiyo ni mali ya makumbusho!"

"Na baba yangu ni mali ya nani?"

Skurubu ya pili ilikuwa na kutu. Aliikomalia mpaka mshipa ukamtoka shingoni. Hakuna aliyemgusa. Ya nne ilipoanguka, alikipakata kibao, akatoka na kuketi kwenye ngazi ya mlango.

"Nitampigia mkubwa," Profesa alisema, simu mkononi.

"Mpigie. Mwambie aje. Nipo."

Dereva alipiga honi. Ufukwe ulikuwa ukisubiri. Shangazi alimpungia mkono aende zake, akajibwaga ngazini kando ya mpwa wake na kuvua viatu tena. "Bahari nimeiona," alisema. "Maji tu yale."

Mkubwa hakuwa amefika lilipokuja kundi jingine la wageni. Waliwapita pale ngazini, wakaingia. Fundi alisikia nyayo zikikusanyika, kisha sauti ya Profesa ikipanda kama kawaida.

"Sasa, ndugu zangu, njooni msikie habari ya mtu..."

Ikakwama. Ukutani palikuwa na matundu manne tu. Nje, fundi hakugeuza shingo.

"...ya mtunza taa," Profesa alisema, akitafuta maneno, "ambaye kila jua lilipochomoza alifunga mapazia."

"Meupe," fundi alisema kwa sauti, macho baharini. "Yalikuwa meupe. Waambie na hilo."