Feni Iliyomtaja Mama

Kila asubuhi, kabla binti yake hajakaa kazini, Kaltumu huondoa kitambaa kilichofunika kompyuta, akakikung'uta dirishani, akapangusa kasha kwa tambara lenye maji kidogo, kisha akakirudisha kitambaa mahali pake na kunyoosha kona zake. Alikifuma mwenyewe kwa uzi mweupe, na pembeni akakizungushia maua ya samawati. Televisheni ina chake, redio ina chake, hata chupa ya chai ina chake. Mtu akiingia sebuleni kwa Kaltumu akakuta kitu kiko uchi, basi ajue mwenye nyumba anaumwa.

Kompyuta hiyo ililetwa na Faradji, mwanawe wa kiume. Aliinunua Goma, mtumba, akaivusha petite barrière, mpaka wa Goma na Gisenyi, juu ya baiskeli ya magurudumu matatu ya kilema mmoja aliyezoea kumbebea mizigo, akamwambia dada yake Saidati kwamba sasa hana kisingizio cha kukosa kazi. Baadaye, wiki ile ya risasi kule Goma, alivuka tena kwenda kutazama kibanda chake cha vitenge. Hajarudi. Simu yake iliita siku za mwanzo, kisha ikawa haiiti. Kuna aliyesema amemwona kwenye boti ya Bukavu, kuna aliyesema yuko kwa watu wa bunduki kule milimani, na kila aliyesema aliapa. Kaltumu aliacha kwenda kuuliza mpakani pale askari walipoanza kutazama viatu vyao kila walipomwona anakuja.

Kazi Saidati aliipata, na nyumba ilikula kwa kazi hiyo. Kuna mashine mahali fulani, ng'ambo, inafundishwa Kiswahili cha pande hizi. Watu hulipwa kidogo ili waseme maneno kwenye simu zao, rekodi zinatumwa, na Saidati anavaa visikizio, anaandika kilichosemwa, na kile kisichotakiwa anakikata. Kisichotakiwa ni kila kitu kilicho nyuma ya msemaji: mtoto anayelia, sufuria inayoanguka, mlio wa bunduki, mtu anayeita mtu. Mashine inapaswa kujifunza kwa sauti safi. Mwanzoni Saidati alisikiliza kabla ya kukata. Sasa hasikilizi. Sauti huchorwa kwenye skrini kama milima na mabonde, na mkataji mzoefu huzitambua kelele kwa jicho tu, akazifyeka na kusonga mbele, kwa maana wanaosikiliza hawamalizi kazi ya siku.

Kompyuta ilianza kwa kuwa na joto. Kaltumu hakuona ubaya. Jioni za Gisenyi zina baridi, na paka alipata pa kulala. Kisha feni ikaanza kunguruma, ngurumo ikawa mlio, hata Saidati akawa anaongea na mama yake kwa kupaza sauti ilhali wamekaa chumba kimoja. Siku kompyuta ilipojizima yenyewe katikati ya kazi, wakamwita Niyomugabo, fundi wa karibu na soko, mtu mpole anayefungua mashine kama daktari anayefungua kidonda cha mtoto.

Niyomugabo hakufika hata kwenye bisibisi. Alisimama mlangoni, akatazama, akatikisa kichwa.

"Mama, njo ii kitambaa inaua mashini," akasema. "Haipumue."

Kaltumu aliudhika. Alimwambia kuwa kitambaa hicho kimekuwapo tangu kompyuta iingie, kwamba vumbi la huku ni jeusi na linaingia hata kwenye yai, na kwamba nyumba yake si gereji. Lakini alikiondoa. Waliisogeza kompyuta mbali na ukuta ipate hewa. Mlio haukupungua. Niyomugabo akafungua ubavu, akatoa vumbi kwa brashi ya kupakia rangi, mafungu mazima, akapanga nyaya zilizokuwa zimeziba njia ya hewa, akakwangua dawa iliyokauka juu ya kile kipande kinachofikiri, akapaka nyingine nyeupe kama dawa ya meno. Alipoiwasha tena, feni ilizunguka vizuri kabisa, na ndani yake mtoto akalia.

Niyomugabo aliinamisha sikio. Mtoto alilia, akanyamaza, mbwa akabweka, mwanamke akamwambia mtu afunge mlango.

"Ile si roulement," akasema, akimaanisha gololi za feni. "Roulement inalia namna ingine. Ventilateur iko muzima, mama. Ni batu njo iko mingi ndani."

Saidati alimweleza kazi yake na hao watu anaowakata. Niyomugabo aliona hapo hapana la kushangaza: joto hutokea kwenye feni, na kila kitu ambacho mashine haikitaki hutafuta njia hiyo hiyo. Alishauri kompyuta ikae wazi, dirisha liachwe wazi, na Saidati apumzike kila inapopata moto. Saidati alimjibu kuwa kupumzika hakumo kwenye mkataba. Fundi akafungasha vifaa vyake, akanywa chai, akaenda.

Habari zilifika mtaani kabla chai haijapoa. Mukeshimana, jirani anayeuza sambaza, dagaa wa ziwani, alikuja wa kwanza, akakaa kwenye kiti cha karibu na kasha huku bado ananuka samaki, na haukupita muda akatambua kikohozi cha wifi yake wa Goma. Alicheka mpaka akajifuta machozi, kwa sababu yeye na wifi huyo hawakupatana, na alikuwa amekwisha kumlilia akidhani amekufa. Siku iliyofuata walikuja wengine. Walikuja baada ya alasiri, na viti vyao, wakakaa kama watu wanavyokaa msibani, hawaongei sana. Mzee mmoja alitambua jogoo wake. Mtu wa Rugerero alikuja kwa pikipiki, akasikiliza mchana kutwa, watu wake hawakuwamo, akashukuru kwa chai. Kaltumu alichemsha tangawizi na kukaribisha kila mtu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema, ingawa hakuwa akipona. Saidati alikaa katikati yao na visikizio masikioni, akikata, na kila alichokikata kilitoka ubavuni mwa kompyuta na kupita mbele ya wageni.

Faradji alitoka kwenye feni siku ya Ijumaa, watu wa nyumba wakiwa wamerudi tu kutoka msikitini.

"Muambie mama, mi niko ku..."

Ikaishia hapo. Feni ikaendelea na kitu kingine, pikipiki, maji yanayomwagwa. Kisha ikarudi.

"Muambie mama, mi niko ku..."

Mukeshimana aliweka kikombe chini. Kaltumu aliinuka akakaa sakafuni, mgongo kwenye mguu wa meza, uso karibu na matundu ya hewa, na joto likampiga shavuni. Ilikuwa sauti ya mwanawe, na ile haraka yake ya kumtuma mtu huku anatembea. Alingoja jina la mahali. Halikuja. Alimgusa binti yake goti, Saidati akavua visikizio, akasikia mara ya kwanza kile alichokuwa amekikata kwa jicho.

Saidati aliwaeleza polepole, kwa kuwa ilibidi aeleze. Kulikuwa na msichana mahali fulani anasoma maneno kwenye simu yake, na nyuma yake Faradji alikuwa akipita, akimwagiza mtu. Msichana aliponyamaza kuvuta pumzi, sauti ya Faradji ilibaki peke yake, na hapo ndipo wembe wa Saidati ulipopita. Msichana alipoanza tena kusoma, neno la Faradji lililosalia lililala chini ya sauti yake, na sauti ya msichana haikatwi. Nusu hiyo ilikwisha kwenda na rekodi. Rekodi gani, ya lini, hajui. Kwa siku hupita nyingi mno, na hazina majina.

"Basi tuwaombe wenye mashine," Kaltumu akasema. "Si wanayo."

Waliompigia ni Jovia, msimamizi wa Saidati aliyeko Kigali, mtu aliyekulia Uganda, mwenye moyo mzuri na hofu nyingi. Saidati alieleza kila kitu, na Jovia hakuuliza imekuwaje feni iseme. Aliuliza tu kama rekodi ilikwisha tumwa. Ilikwisha tumwa.

"Dada, ikishatoka kwangu si yetu tena," akasema. "Ni ya client. Hata mimi siwezi kuifungua. I'm so sorry, kweli."

Kaltumu aliomba simu.

"Mwanangu, mi siombe yote," akasema. "Neno moja tu. Lile la mwisho."

Ilisikika kwamba Jovia analia, na kwamba anajaribu isisikike. Aliahidi kupeleka ombi kwa wakubwa, na hakudanganya, alilipeleka. Jibu lilirudi kwa Saidati baada ya muda. Kampuni ilimshukuru kwa kujali, ikamkumbusha kuwa sauti zikishapokelewa hazirudishwi, ikamwonya kuwa kwenye kazi yake ya karibuni jogoo mmoja amesalia.

Tangu hapo Kaltumu hakutoka karibu na kompyuta. Alipikia pale, akaswalia pale. Faradji alirudi mara nyingi kwa siku, daima na nusu ile ile, na mama yake akaifahamu kila pumzi: kabla ya "niko" kulikuwa na hatua mbili za viatu, na baada ya "ku" kulikuwa na mdomo unaofunguka. Alijaribu kuumalizia mdomo huo. Himbi. Katindo. Bukavu. Aliyataja majina yote ya mahali anayoyajua, moja moja, kama mtu anayejaribu funguo, na feni haikukubali wala haikukataa. Jambo hilo lilimuumiza kuliko kimya chote cha miezi iliyopita, kwa maana kimya hakikuwahi kumwita mama.

Joto nalo likazidi. Kompyuta ilijizima asubuhi, ikajizima mchana. Kampuni ikasema kuwa kuna wengi wanaongoja nafasi ya Saidati. Niyomugabo akaitwa tena, akaifungua, akaweka kidole kwenye feni na kukiondoa haraka.

Alikaa kwanza. Naye pia alikuwa na mama, na hakupenda anachokwenda kusema.

"Bon. Mama Saidati, ventilateur imechoka, imebeba batu mingi. Nikiiacha, mashini itaungua, kazi iende, na Faradji pia aende. Nikiweka mupya, kazi itabaki. Lakini itanyamaza."

Kaltumu aliuliza kama hiyo mpya haiwezi kubeba hata mtu mmoja. Fundi akasema za siku hizi hazitengenezwi hivyo, hizi zinasukuma hewa basi. Saidati alitazama mikono yake na hakusema, na mama yake akaona kwamba hatasema kamwe, kwamba ataiacha iungue na kula njaa kuliko kutamka neno hilo kwa kinywa chake. Kwa hiyo alilitamka mwenyewe. Alisema, weka mpya.

Feni mpya ilizunguka bila kusikika. Kompyuta ikapoa, paka akahama, wageni wakachukua viti vyao. Saidati alikata kama kawaida, na alivyovikata sasa havikutokea popote, wala hakuna aliyeuliza vinakwenda wapi. Kitambaa cha maua hakikurudi juu ya kasha. Kaltumu alikikunja akakiweka dirishani, na juu yake akaiweka feni ya zamani, aliyokuwa amepewa na Niyomugabo ndani ya mfuko wa karatasi. Haikuunganishwa na waya wowote. Alasiri, upepo wa ziwa ulipoingia, ilizunguka.

"Muambie mama, mi niko ku..."

Sauti za wale wengine zilipotea na lile joto. Upepo ulitosha kubeba mmoja tu, na Kaltumu hakuulalamikia.

Mvua zilipokwisha, namba ya bure ilibandikwa kwenye kuta za mji, kuanzia sokoni mpaka karibu na mpaka. Unapiga, unauliza unachotaka, bei ya viazi, saa ya basi, dawa ya minyoo, na mashine inakujibu kwa Kiswahili. Watu waliipenda. Saidati alimwambia mama yake, maana asingeweza kumficha, kwamba hiyo ndiyo ile mashine, iliyofundishwa kwa sauti alizozisafisha yeye. Kaltumu alifikiri wakati anachambua mchele. Kama nusu ya pili ya maneno ya Faradji ilikwenda huko, na kama mashine imekula kila ilichopelekewa, basi mashine inajua. Na kuuliza si ujinga.

Akapiga. Alijibiwa na sauti nzuri ya kike, isiyo na haraka. Nyuma yake hapakuwa na mtoto, wala mbwa, wala sufuria.

"Karibu. Nikusaidie nini?"

"Mwanangu Faradji iko wapi?"

"Samahani, sijakuelewa. Tafadhali rudia."

Alirudia. Mashine ikaomba tena radhi, kwa adabu ile ile. Saidati, aliyekuwa akisikiliza kutoka mezani, akasema kwa sauti ndogo kwamba ni kelele, mama, mashine hii haielewi kukiwa na kelele nyuma ya msemaji. Kaltumu akazima redio. Akamwomba Mukeshimana, aliyekuwa anakoroga sukari, aache kijiko. Akafunga mlango. Dirishani upepo ulikuwa bado unaingia, na feni ilikuwa inazunguka.

"Muambie mama, mi niko..."

Kaltumu alinyoosha mkono, akazizuia mbawa zake kwa kidole, na huku amezishika hivyo, akauliza tena.