Mtoto Aitwe kwa Baba Yake

"Gidamu imekatika tena," alisema Gurey, akakivua kiatu na kukisukuma kwa mguu hadi magotini kwa Rooble, kama alivyofanya kwa miaka kumi na minane. "Leo shona vizuri, bwana. Si kama ile ya Ramadhani."

Rooble alikiokota. Kwa siku sita mzee huyu hakuonekana kwenye benchi la fundi viatu hapo mlangoni pa msikiti, na kwa siku hizo sita Rooble hakuwa akimngoja mteja mwingine yeyote ila yeye. Liibaan, mtoto wa Gurey, mzee ambaye jina lake la kuzaliwa ni Aadan, ndiye mume wa Ladan, na Ladan ndiye mtoto pekee wa Rooble. Siku sita nyuma, ami zake Liibaan walikuja na pikapu mpaka uani kwa Rooble, wakasema mama yake mgonjwa, wakamchukua kijana wa watu hata chai hajaimaliza. Hajarudi. Na Ladan ana mimba ya miezi saba.

Sala ya Ijumaa ilikuwa imetoka. Sheikh Muhumed naye alikuja akaketi mwisho wa benchi, tasbihi mkononi, akiifuta shingo kwa ncha ya kilemba.

"Umesikia walivyogawana viti vya serikali?" Gurey alianza, maana yule hawezi kukaa kimya hata akiwa kaburini. "Huyu kwa sababu ya ukoo wake, yule kwa sababu ya mjomba wake. Nimesema mpaka koo limekauka. Ukabila ndio uliotumaliza! Mzungu hakutumaliza, njaa haikutumaliza. Ukabila!"

"Kweli," alisema Sheikh.

"Si ndiyo, Rooble? Ndugu yangu, si nimesema hapa hapa mara mia?"

"Umesema," Rooble alijibu, akipaka uzi nta.

Alikuwa amesema, tena zaidi ya mara mia. Watu wa Rooble ni watu wa ngozi, wa tawi fupi, ukoo unaodharauliwa. Mji mzima wa Burao unajua. Wa tawi refu, kina Gurey, wana ngamia, wana viti, wana wazee wa kuwasemea. Wa tawi fupi wana nyundo na msharasi wa kutobolea ngozi. Wa tawi refu hawaoi kwa wa tawi fupi wala hawawaozi, na ukiuliza kisa, utasimuliwa eti babu mmoja wa watu wa ngozi siku za njaa alikula mzoga. Mzoga! Utadhani njaa ile iliwaruka wao ikamkuta yeye peke yake. Lakini Gurey aliketi benchi moja na fundi, akamwita ndugu, akawalaani wenye ukabila mbele za watu. Chai tu ndiyo kila mmoja aliagiza yake, na katika miaka kumi na minane hakuna aliyewahi kutia mkono kwenye sahani ya Rooble. Rooble aliliona hilo. Akalisamehe.

Ndiyo maana alikosea. Liibaan na Ladan walikimbilia Berbera kama wafanyavyo wanaokataliwa na wazee, mbali kiasi cha msafiri kufupisha sala, ambako sheikh huweza kuozesha bila walii, wakafungishwa ndoa ya halali na sheikh wa huko, mashahidi wawili. Waliporudi kumwamkia, walitaka kuondoka kesho yake waende Jibuti. Rooble ndiye aliyewazuia. "Mwende wapi na mimba hiyo?" aliwaambia. "Mzee Gurey namjua mimi. Atafoka wiki mbili, kisha atakuja kumwona mjukuu." Wakakaa.

"Mama yake Liibaan hajambo?" aliuliza sasa, macho kwenye kiatu.

"Hajambo, alhamdulillahi."

"Kumbe ugonjwa umepita."

Gurey alikohoa. Akamtazama Sheikh, Sheikh akatazama tasbihi yake.

"Rooble, ndugu yangu, sikufichi. Kijana ameacha. Talaka tatu, Jumatano. Sheikh ndiye aliyeiandika."

Mkono wa Rooble uliendelea kushona. Msharasi uliingia kwenye ngozi, ukatoka, uzi ukafuata, maana mkono wa fundi huchelewa kupata habari.

"Alitamka kwa kinywa chake?"

"Alitamka. Ami zake walikuwa wamemzunguka. Alilia sana." Gurey alijipangusa uso kwa kiganja. "Sana."

"Haya," alisema Rooble. "Maji yakimwagika hayazoleki. Basi nipeni neno moja tu, hapa mlangoni pa nyumba ya Mungu. Mtoto akizaliwa, ataitwa kwa baba yake. Hatakula kwenu, hatagonga kwenu, ngamia wenu hatawataka. Jina tu."

"Rooble..."

"Jina tu, mzee. Akiulizwa wewe ni wa nani, apate la kujibu."

"Nina mabinti wanne nyumbani hawajaolewa. Nani ataleta posa ikisikika kuwa kaka yao ana mtoto kwa..." Gurey alilimeza neno.

"Kwa watu wa ngozi. Liseme tu, mdomo hautakuozea."

"Sikulipanga mimi hili! Nilikuta dunia iko hivi. Mhesabie kwako, basi. Huna mwana wa kiume wewe, mfanye wako. Nani atauliza?"

"Kila mtu atauliza. Mji huu kuna mtu asiyeuliza?" Rooble alimgeukia Sheikh. "Sheikh, mimi kusoma sijui. Lakini spika yako iko juu ya kichwa changu kila jioni, na darasa zako nazijua kuliko wanaokaa ndani. Dini inasemaje?"

Sheikh Muhumed alijibu kama alivyo, mtu asiyesema uongo. "Dini iko wazi. Mtoto wa ndoa huitwa kwa baba yake. Halina mjadala hilo."

Moyo wa Rooble uliruka. "Basi niandikie. Kama ulivyoandika ile ya Jumatano, niandikie na hii."

"Lakini fitina nayo dini imeikataza," alisema Sheikh taratibu. "Vijana wa kina Liibaan wana bunduki, Rooble. Mji umelala kwa shida. Fanya subira. Subira ni nusu ya imani." Akainuka, akatafuta viatu vyake kwa mguu.

"Hiyo subira, Sheikh! Mbona kila ikigawanywa naletewa mimi peke yangu?"

Sheikh alivaa viatu. Akaondoka na kilemba chake, watu wakimpa mkono njia nzima.

Walibaki wawili. Rooble alikata uzi kwa meno, akakilaza kiatu mbele ya mguu wa Gurey. Mzee alikivaa. Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi, yakiingia kwenye ndevu zake nyekundu za hina.

"Wallahi nakupenda kama wa tumbo moja nami," alisema.

"Najua," alisema Rooble. "Ungenichukia, ningewaacha wale watoto waende Jibuti."

Gurey aliinuka, akajipangusa ndevu. Akaenda zake.

Rooble alifunga sanduku lake kabla ya alasiri, jambo ambalo halikuwahi kutokea, akarudi nyumbani kwa miguu, njia ya jua kali. Ladan alikuwa ameketi mkekani, mgongo ukutani, miguu imevimba, akinong'ona na tumbo lake. Alipomwona baba yake akanyamaza, akamtazama mikono kama aliyetegemea aletewe kitu.

"Umemwona mzee Gurey?"

"Nimemwona."

Akamwambia yote, hakuacha neno, hata la jina. Angelipunguza, Ladan angelisikia kisimani, kwa wanawake, likiwa limeongezwa. Ladan aliuma ushungi wake, akalia bila sauti mpaka mabega yakachoka, na Rooble akalia naye, mzee mzima, amesimama mlangoni na sanduku bado begani.

"Mimi ndiye niliyewaambia mkae," alisema. "Mimi, mwanangu. Nisamehe."

Ladan hakusema kuwa si yeye. Halafu alipangusa uso, akajiweka sawa ukutani, akarudisha kiganja tumboni. Ni kazi ya mama kumfundisha mtoto kuhesabu babu zake, na yeye alikuwa ameanza tangu siku mtoto alipopiga teke la kwanza.

"Liibaan," alisema, sauti imekwaruza. "Liibaan wa Aadan. Aadan wa Samatar. Samatar wa Ige. Ige wa Hirsi." Akakwama. Akarudia tokea juu, akakwama palepale. "Liibaan alinifikisha hapo tu. Baada ya Hirsi ni nani, baba?"

Rooble alijua. Kuna jina gani la ukoo ule asilolijua, naye kalisikia likitajwa kwa majivuno juu ya kichwa chake, ameinamia viatu vyao? Alijua mpaka la ishirini na mbili.

"Magan," alisema. "Magan wa Bulaale. Bulaale wa Diiriye."

"Polepole, baba. Asikie."

Akatua sanduku, akaketi mkekani karibu na tumbo la mwanawe, akaanza upya, na jina la Liibaan kwanza.