Daktari Kuramochi Aoa Mti

"Ngozi yangu na utomvu wa mti wa urushi vimeshazoeana," Daktari Kuramochi Tetsuji aliwatangazia wenzake wa maabara pale Sendai, huku akikunja mikono ya shati. "Wanaowashwa ni mafundi wanaoupaka kwenye bakuli, na wanafunzi. Mkemia hawashwi!"

Akachovya kidole chupani, akajipaka shavu lote mbele za watu, akarudi kazini akipiga mluzi.

Tumpe haki yake: urushi aliijua. Aliusomea mti huo Tokyo, akaubeba utomvu wake kwenye mitungi hadi Berlin, akarudi nao, yote hayo kutafuta kitu gani ndani yake kinageuka kuwa ule weusi unaong'aa kwenye bakuli za supu. Ila kuna jambo dogo alisahau kuwatangazia. Miaka yote hiyo alivaa glavu.

Kesho yake, Ijumaa, mwenye nyumba wake Bi Toyo alimletea supu ya miso, akafungua mlango, akapiga ukelele.

"Wewe nani? Na Daktari umemweka wapi?"

"Ni mimi, Bi Toyo."

"Muongo! Macho yako wapi?"

"Yamo humuhumu."

Kichwa kilikuwa kimevimba kama boga la kushindania zawadi. Na Jumapili ndiyo siku ambayo mshenga alikuwa amepanga Kuramochi akutane na Fuyu, binti wa mzee Isono, mbele ya wazazi. Familia mbili zilishamkataa kwa sababu ya harufu ya maabara. Huyu Fuyu alikuwa amekubali baada ya kuona picha tu. Mshenga alisema binti aliipenda sura. Sura hiyo hiyo ambayo sasa ilikuwa imehama bila kuaga.

Mchana kutwa Kuramochi alijipaka kila dawa aliyojua kuichanganya. Uso ukashukuru kwa kuzidi kuvimba.

"Kwetu kijijini," alisema Bi Toyo, "mtu akiwashwa na urushi anafunga nao ndoa. Mnakunywa pombe pamoja, yamekwisha. Mti haumdhuru mumewe."

"Bi Toyo, mimi nimesoma Berlin!"

"Na huo uso wako, umesoma wapi?"

Jumamosi mchana, maabara ilipobaki tupu, msomi wetu alichungulia kushoto, akachungulia kulia, akanyata hadi nyuma ya jengo, kwenye miti ya urushi ya idara. Alikuwa amevaa kimono nyeusi yenye nembo ya ukoo, ile aliyoiandaa kwa ajili ya Jumapili, maana ndoa ni ndoa. Akauchagua mti mnyoofu kuliko yote. Akaufunga kamba ya majani ya mpunga kiunoni, akainama kwa heshima, akamimina kikombe cha pombe ya mchele kwenye mizizi, na chake akakibugia.

"Mimi, Kuramochi Tetsuji," akasema kwa sauti, "ninakuoa wewe, mti wa urushi. Nitakutunza maisha yangu yote. Na wewe, mke wangu, tafadhali, uniachie uso."

Jani likadondoka. Akalihesabu kuwa ndiyo. Akamwongezea bibi harusi kikombe, na kwa kuwa si adabu kumwacha mke anywe peke yake, naye akajiongezea.

Mtu akakohoa.

Kando ya rundo la kuni alisimama msichana mwenye mwavuli, aliyekuja kumchungulia mchumba kazini kabla ya kukutanishwa rasmi, kama wachumba wengi wanavyofanya kwa siri. Kuramochi alimtambua mara moja. Picha ya binti huyo, aliyoletewa na mshenga, aliilalia kila usiku chini ya mto.

"Samahani," alisema Fuyu. "Namtafuta Daktari Kuramochi."

"Hayupo! Amesafiri. Mimi ni mtunza bustani tu."

"Amesafiri?"

"Mbali sana."

"Ajabu. Nimemsikia sasa hivi akitaja jina lake lote." Fuyu akafunga mwavuli taratibu, akiuma midomo asicheke. "Kesho baba anakuja amevaa vizuri. Nimwambieje? Kwamba naenda uke wenza, na bi mkubwa ana matawi?"