Taavet Alipouawa Saa Nne Asubuhi

Taavet aliuawa saa nne asubuhi, na kilichomuua ni kadi. Kapteni Hedvig, mkaguzi wetu, yule mwenye kitambaa cheupe mkononi, alimvalisha ile kadi shingoni. "Umekufa. Lala."

Taavet ndiye mlengaji wetu. Akalala kwenye nyasi, akakunja mikono kifuani, mjinga kabisa.

Sikucheka. Saa ya mkaguzi ilikuwa inakimbia. Kwa jaribio hili tulipewa dakika nne: mzinga usimame, ulengwe, koplo aite "tayari". Tukishindwa, tunarudia Jumamosi. Na Jumamosi hiyo kaka yangu Imre anaoa kule Viljandi, mimi ndiye msimamizi wake. Suti nimeshaazima.

"Ruuben, ingia!" Koplo Kaur akaniita.

"Mimi? Mimi nabeba mabomu, afande!"

"Leo unalenga. Ingia!"

Shida yetu ndiyo hiyo. Miezi minane tulikuwa tunashindana na kundi la pili nani ana kasi, basi kila mtu alishika kazi yake moja tu. Mimi begani nina alama za kubeba, lakini kile kioo cha kulengea nilikuwa nimekigusa mara mbili, na mara moja ilikuwa kukifuta.

Halafu ile rangi. Uwanjani kwetu shabaha huwa kilima kilekile, kwa hiyo Kaur alipaka rangi ya kucha ya mchumba wake kwenye gurudumu la kioo. Unazungusha mpaka kwenye nyekundu, umemaliza. Tulikuwa tunawashinda wote. Ila leo tuliletwa kwenye uwanja mwingine, shabaha nyingine, namba nyingine za kulengea.

Kaur akainama sikioni kwangu. "Weka kwenye rangi. Naita tayari. Anatazama saa tu, huyo."

"Na namba?"

"Namba za nini, wewe? Unataka harusi au hutaki?"

Nilitaka. Mkono ulishafika kwenye nyekundu. Sekunde hamsini zilibaki. Nikatazama mbele, nikaona upande wa kushoto bendera ya wenzetu wanaotuangalizia mabomu yanapoanguka. Kwenye rangi, mzinga ungeelekea kulekule.

Nikarudisha gurudumu.

"We Ruuben!"

"Nisomee namba, afande. Polepole."

Kwenye nyasi Taavet alikuwa ananikonyeza, anazungusha kidole hewani. "Kulia, kulia," akanong'ona.

"Maiti haiongei," Kapteni Hedvig akasema bila kumtazama.

Nikazungusha. Nikakosea, nikaanza upya. Jasho likaniingia machoni. Kaur alikuwa anasoma namba huku meno yameumana. Tulipoita tayari, kapteni akabonyeza saa yake, akaja, akachungulia kwenye kioo, akachungulia tena.

"Dakika nne na sekunde thelathini na nane. Mmelenga sawa. Muda mmeshindwa." Akaandika. "Jumamosi saa tatu. Na kila mtu atakaa nafasi isiyo yake."

Kaur alinisubiri mpaka kwenye lori. Alichosema pale sitakiandika.

Jioni nikampigia Imre. Nikamweleza yote, hata rangi ya kucha.

"Basi nani atabishana na majirani wakitufungia barabara kwa kamba?" akauliza. Kwetu maharusi hawapiti hivihivi, msimamizi anawakomboa kwa chupa na peremende.

"Mchukue binamu Juku."

"Juku? Atakunywa chupa zote kwenye kamba ya kwanza!"

"Basi mchukue shangazi. Shangazi hapandishiwi bei na mtu."

Akacheka kidogo, si sana. "Mama atalia, Ruuben."

"Najua."

Nikarudi bandani. Kaur alikuwa amekaa mbele ya mzinga na kitambaa chenye spiriti, anaisugua ile rangi. Hakuniangalia.

"Kaa hapa," akasema. "Anza na namba ndogo."